Boksi Linalomeza Moshi

Mama mkwe wangu haogopi kitu duniani ila upepo. Wakati wa vita, mji wetu umezingirwa, alikuwa akishuka mtoni kuchota maji huku watu wanapigwa risasi, na leo akisimulia habari hizo utadhani anasimulia safari ya sokoni. Lakini thubutu kufungua dirisha la jikoni wakati mlango wa ukumbini uko wazi. "Promaja!" atapiga ukelele kama ameona nyoka, mkono mmoja unakamata kitambaa cha kichwani, wa pili uko kiunoni, ambako upepo, anasema, umeshaingia. Hapa Sarajevo hayuko peke yake. Promaja, yaani upepo unaopita kati ya matundu mawili, huvunja viuno, hupinda midomo, huleta homa ya mapafu. Waulize hata wenye digrii zao, watakuambia hivyo hivyo. Mimi sijawahi kuamini, na tangu nilipoolewa katika nyumba hii nimekuwa nikimcheka, mara nyingine chini chini, mara nyingi machoni pake.

Jina lake ni Hasnija. Mimi naitwa Elvedina, nina saluni ndogo kule chini kwenye njia ya tramu, na wateja wangu husema wanakuja nusu kwa ajili ya nywele na nusu kwa ajili ya mdomo wangu. Mume wangu Muamer anaendesha lori kwenda Austria, kwa hiyo majira ya baridi nyumba yetu ya mlimani huwa ya wanawake watupu: mimi, Hasnija, na binti yangu Ajna aliyeanza darasa la kwanza. Ajna ana pumu. Hiyo ndiyo habari yenyewe, mengine yote yanazunguka hapo.

Januari moshi ulishuka bondeni ukakataa kuondoka. Kila mwaka huja, lakini safari hii ulikuja kukaa. Kila nyumba ina jiko, kila jiko lina kuni au makaa ya mawe, na wasio na uwezo wanachoma wanachokipata, viatu vya zamani, milango yenye rangi, chochote. Upepo haukuwepo hata wa kutikisa jani. Mji mzima ukawa chungu kilichofunikwa. Shule zikafungwa. Msikiti uko ng'ambo tu ya barabara yetu, lakini mnara wake sikuuona. Adhana nikaisikia inatoka mahali pasipo na kitu.

Niliogopa. Sisemi nilikuwa na wasiwasi kidogo, nasema niliogopa. Kutwa nilikuwa nasikiliza kifua cha mtoto wangu, kile kifilimbi kinachotoka anapovuta pumzi. Kikinyamaza nilidhani amekata roho, kikianza tena nilidhani ndiyo anaanza kukata. Kipulizio chake cha pumu nilitembea nacho mfukoni mwa aproni hata chooni. Daktari wa zahanati aliniambia nimweke ndani apate hewa safi. Nikamuuliza hewa safi inauzwa duka gani. Yeye alicheka, mimi sikucheka.

Mashine za kusafisha hewa zilikuwa zimekwisha mji mzima. Ndipo Muamer akanitumia video kutoka barabarani, kisha akapiga simu.

"Umeona? Ni feni na vichujio tu. Mtu yeyote anaweza."

"Huyo mtu yeyote yuko Austria anakula keki," nikamwambia.

"Elva, usianze. Mtoto anaendeleaje?"

"Anapiga filimbi."

Nilisikia injini ya lori lake na vile anavyomeza mate anapoogopa. "Tengeneza," akasema. "Leo hii."

Nikashuka mjini nikiwa nimejifunga skafu puani. Nilipata vichujio vinne vya mraba, vile vya karatasi nyeupe iliyokunjwa-kunjwa kama sketi ya shule, ambavyo huwekwa kwenye mitambo ya hewa ya maofisini. Nikanunua na selotepu pana. Feni ya kiangazi tulikuwa nayo, juu ya kabati, nyuma ya masanduku, imefungwa ndani ya mifuko miwili. Hasnija ndiye aliyeificha huko. Kilichobaki ni boksi gumu, nikaenda kwa Jozo.

Jozo ni jirani yetu wa nyumba ya chini, zamani alikuwa dereva wa tramu, sasa yuko peke yake na pensheni yake, na dohani yake hutema moshi mweusi moja kwa moja kwenye madirisha yetu.

"Jozo, unachoma nini humo?"

"Kuni, jirani."

"Kuni gani zinanuka mpira?"

"Mti wa mpira," akajibu, macho makavu kabisa. Lakini niliposema ni kwa ajili ya Ajna, alikwenda uani akarudi na boksi la friji, akapanda nalo mwenyewe mpaka kwetu, na akakaa kusaidia.

Majira ya baridi tunaishi wote sebuleni, kwa sababu jiko ni moja, la chuma, na ndilo linalopikia na kutupasha moto. Hapo hapo sakafuni tukaanza kazi. Vichujio vinne vinasimama kama kuta nne. Kila kichujio kina mshale ubavuni unaoonyesha hewa inakopita, na mishale yote lazima itazame ndani. Jozo alikigeuza kimoja nje nikampiga kofi la mkono. Chini unaweka kipande cha boksi. Juu unalaza feni imetazama dari, ili ivute hewa kupitia kwenye kuta na kuitupa juu. Feni yetu ni ya mviringo, kwa hiyo pembe zilizobaki wazi tukazifunika kwa vipande vya boksi. Kisha selotepu, kila kiungo, kila mshono, maana papitapo wembe moshi nao utapita.

Hasnija alikuwa amekaa kwenye kochi, Ajna nyuma ya mgongo wake, amemkinga.

"Mnatengeneza nini?"

"Mashine ya hewa, mama."

"Hiyo ni feni."

"Ni feni iliyo kwenye boksi."

"Feni. Januari. Mbele ya mtoto mgonjwa." Akanitazama kama ananihurumia. "Elvedina, mwanangu, akili umezisahau saluni?"

"Upepo unaenda juu, mama. Utamvunja kiuno nani, taa?"

Jozo alicheka, kisha akauona uso wa Hasnija, akarudi kwenye selotepu yake.

"Cheka," Hasnija akasema. "Senija wangu naye alikuwa na upepo mdogo tu."

Senija alikuwa kitinda mimba wake, wifi yangu ambaye sikumjua. Alikufa majira ya baridi ya vita, bado ananyonya. Walikuwa wakiishi chini ya ardhi, ghalani, dirisha dogo limefunikwa plastiki ya msaada badala ya kioo, na jiko la bati ambalo baba mkwe alilitengeneza kwa mikono yake. Habari hiyo nimeisikia mara nyingi na haibadiliki neno. Plastiki ilichanika pembeni, tundu la ukubwa wa sarafu. Hasnija aliliona jioni akaliziba, lakini alikuwa amechelewa, promaja ilishampitia mtoto. Usiku ule Senija alilala vizuri kuliko siku zote, hakulia hata mara moja, mashavu mekundu kama tufaha. Asubuhi hakuamka. Tangu siku hiyo Hasnija anapigana na kila ufa wa kila nyumba anayoingia, na mimi ninayemcheka kwa mengine yote, hapo hufunga mdomo.

Nikachomeka feni kwenye umeme. Ikanguruma. Jozo akawasha sigara, akapata tusi lake kutoka kwangu, akapuliza moshi mara moja tu kuelekea boksi. Ule moshi haukupanda. Ulijinyoosha ukawa mwembamba kama uzi, ukaenda wenyewe mpaka kwenye kichujio, ukaingia, ukapotea.

"Mama yangu!" akasema Jozo. "Linameza."

"Tena, babu Jozo, tena!" Ajna akaomba, na nikamnyang'anya mzee sigara kabla hajamtii.

Jambo moja tu mimi na mama mkwe tulikubaliana, nalo ni kuziba. Mimi nilitaka moshi usiingie, yeye alitaka upepo usiingie, na kwa mara ya kwanza katika maisha yetu tukafanya kazi bega kwa bega bila kununiana. Hasnija ni fundi wa kuziba. Alichana soksi za zamani, akazisukuma kwenye nyufa za madirisha kwa ncha ya kisu, juu yake mimi nikapitisha selotepu. Chini ya mlango tukaweka blanketi lililokunjwa. Nyuma ya jiko kuna tundu lenye wavu ambalo fundi wa dohani alilitoboa ukutani zamani. Muamer kila mwaka hulizibua, Hasnija kila mwaka huliziba mwanawe akigeuka, na ni ugomvi wa kila mwaka. Safari hii mimi mwenyewe ndiye niliyepanda kwenye stuli nikalijaza matambara, na yeye alinishika miguu nisianguke.

"Angalau leo una akili," akaniambia.

Na boksi lilifanya kazi. Kesho yake vile vichujio vyeupe vilikuwa na rangi ya maji ya kudekia. Hasnija alipitisha kidole, akakitazama, akakifuta kwenye aproni. Harufu ya viatu anavyochoma Jozo ilitoweka chumbani. Ajna alikohoa kidogo, kisha kikohozi kikapungua zaidi, na ile filimbi ikawa mbali kama ya garimoshi linaloondoka. Nilijiona mimi ndiye mimi. Niliwapigia simu wateja niwasimulie, nikawaambia wote watengeneze.

Ikafika Jumapili, saluni imefungwa, baridi imezidi. Hasnija alijaza jiko makaa ya mawe, akalibana bomba ili moto udumu, kama anavyofanya siku zote. Nje hakukuwa na nje, dirishani ni kijivu tu. Nikapika maharage. Tulipomaliza kula kichwa kilianza kuniuma, hapa katikati ya paji, nikadhani ni mngurumo wa feni.

"Kichwa kinaniuma," akasema Hasnija wakati huo huo.

"Na mimi."

"Unaona? Ni hilo dude lako. Promaja ya umeme."

"Mama, hebu niache."

"Kutwa linatuzungushia upepo kichwani, halafu unashangaa kichwa kikiuma. Lizime."

"Silizimi."

"Lizime, Elvedina, nimekwambia, ninasikia kichefuchefu!"

"Ni maharage, umekula sahani mbili!"

Tuligombana hivyo, mtu na mkwe wake, kwa muda ambao sasa nikiukumbuka mwili unanisisimka. Nilimwambia maneno ambayo siyaandiki hapa. Nilimwambia mji mzima umechoka na viuno vyake. Yeye akaniambia Muamer angeweza kuoa mwanamke anayejua kunyamaza. Ulimi ulikuwa mzito mdomoni na nilifikiri ni hasira. Miguu ilikuwa ya pamba, nikafikiri ni uchovu. Sikunusa kitu. Hilo ndilo linaloniogopesha hadi leo: chumba kilikuwa kinanuka sabuni na maharage, hewa inaonekana safi kama siku ya kiangazi, kwa sababu boksi langu lilikuwa linameza kila chembe ya moshi niliyozoea kuiogopa.

Ajna alikuwa kwenye kochi na kitabu chake cha kupaka rangi. Kalamu ikamtoka mkononi. "Mama, nina usingizi," akasema.

"Lala, mpenzi wangu."

Akalala. Nikasikiliza kifua chake, kama kawaida yangu. Filimbi hakuna. Kikohozi hakuna. Mashavu yamepata rangi, baada ya majuma ya kuwa meupe kama karatasi. Nikafurahi, Mungu anisamehe, nikafurahi, nikamgeukia mama mkwe kwa ushindi.

"Tazama anavyolala. Tazama mashavu hayo. Bado unataka nilizime?"

Hasnija alikuwa ameinama mbele ya jiko, ameshika koleo la makaa, amefungua mlango wa jiko aongeze moto. Hakunitazama mimi, wala hakumtazama mtoto. Alikuwa anaangalia kitu hewani. Nikafuata macho yake.

Kwenye ukingo wa mlango wa jiko ulikuwa unatoka uzi wa moshi. Haukuwa unaingia ndani kwenda kwenye bomba kama inavyopaswa. Ulikuwa unatoka nje, kuja kwetu. Ulinyooka mwembamba, ukapita juu ya zulia, juu ya kalamu za Ajna, moja kwa moja mpaka kwenye boksi, ukaingia kwenye kichujio, ukapotea. Haukuacha harufu yoyote.

"Dohani inatema ndani," akasema Hasnija polepole. "Tangu lini inatema ndani?"

Kisha ndipo akamtazama mtoto. Aliyatazama mashavu yake. Sijawahi kuona uso wa mtu ukibadilika namna ile, na naomba nisiuone tena.

"Mwamshe," akasema.

"Ndiyo kwanza amelala, mama."

"Mwamshe!"

Nikamshika Ajna bega. Nikamtikisa. Kichwa kilikwenda upande huu, kikaenda upande ule, kizito. Nikamwita. Nikampiga kofi shavuni, mimi ambaye sijawahi kumpiga, na shavu lilikuwa na joto na jekundu na halikujali. Nilijaribu kumwinua, miguu yangu ikakataa, nikaanguka naye magotini. Nilitoa kile kipulizio cha pumu mfukoni nikawa nakikazania mdomoni mwake kama mjinga, nabonyeza, nabonyeza, na yeye havuti.

"Siyo hicho!" Hasnija akanifokea. "Mlango! Elvedina, fungua mlango wa nje, acha wazi!"

"Baridi..." Ndilo neno lililonitoka. Mimi.

"Fungua!"

Nikatambaa. Nikalivuta blanketi, nikapambana na komeo, nikaufungua mlango wa sebule na wa nje. Nyuma yangu nilimsikia akikwaruza selotepu ya dirisha kwa kucha, ile ile aliyoisugua kwa kidole gumba ishike vizuri. Haikutoka. Tulikuwa tumeifanya kazi yetu sawasawa. Nikageuka nikamwona, mwanamke wa miaka sabini na kitu, ameshika chuma cha kuchochea moto kwa mikono miwili, amekiinua juu ya kichwa. Akakipiga kioo. Akapiga tena. Vioo vikamwagika barazani na ndani, na upepo ukapita.

Ulikuwa baridi, ulikuwa mchafu, ulikuwa unanuka viatu vya Jozo vinavyoungua. Uliingia dirishani ukatokea mlangoni, ukayapeperusha mapazia na kurasa za kitabu cha rangi. Na katikati ya njia yake, pale pale ambapo kwa miaka yote ya maisha yake hajawahi kukubali kusimama, alisimama Hasnija. Amempakata Ajna kifuani. Kitambaa kimemdondoka, nywele nyeupe zinaruka, damu ya kioo inamtiririka mkononi, na anamgeuza mtoto uso upande wa upepo.

"Vuta, roho ya bibi," alikuwa anamwambia. "Vuta. Vuta upepo. Usilale, Bwana wee, usilale, vuta."

Sijui ilichukua muda gani. Nilikuwa nimeshika fremu ya mlango, natapika, naomba kila dua niliyofundishwa utotoni na nyingine ninazitunga. Kisha Ajna akapaliwa, akakohoa, akamtapikia bibi yake shingoni na akaanza kulia. Kilikuwa kilio kibaya, cha hasira, cha mtoto aliyekatizwa usingizi. Sijapata kusikia sauti nzuri kama ile.

Jozo alikuwa amesikia vioo. Alifika na ndara na fulana ya ndani, akaona, hakuuliza hata swali moja. Alimwaga ndoo ya majivu juu ya moto, akanishika kwapani, akatupakia wote watatu kwenye kigari chake na kuushuka ule mlima kwenye ukungu, honi mkononi, kana kwamba bado yuko kwenye reli zake.

Hospitali walituwekea hewa ya mitungi puani, sote, vitanda vitatu mfululizo. Daktari alikuwa dada kijana mwenye macho yaliyochoka. Alisema ni sumu ya jiko, hewa isiyoonekana wala kunuka, inayotoka moto ukikosa pumzi. Akaniuliza kuhusu hilo boksi nililosimulia. Nikamweleza, vichujio, mishale, selotepu, kila kitu.

"Umelitengeneza vizuri," akasema. "Linakamata masizi na vumbi. Ila sumu ya jiko haikamatiki humo, inapita kwenye karatasi kama hakuna kitu. Mlipoziba chumba, jiko likakosa hewa ya kuvuta na dohani ikarudi ndani. Na moshi ambao ungewaonya, mashine iliwaondolea."

Kisha akatazama kitanda cha mama mkwe. "Nani alivunja dirisha?"

"Yeye," nikasema.

"Basi yeye ndiye aliyemwokoa."

Nilidhani Hasnija atajivuna, ningemwachia ajivune mpaka kiama. Lakini alishusha kile kifuniko cha pua, akauliza kwa sauti ndogo, "Daktari. Na mashavu huwa yanakuwa mekundu?"

"Wakati mwingine, mama. Si wote."

"Na mtoto hulala vizuri?"

"Hulala, ndiyo. Ndiyo maana ni hatari."

Hasnija akarudisha kifuniko puani, akageukia ukutani. Nilifikiri amechoka.

Tumerudi nyumbani. Muamer amekuja, ametia kioo kipya, amezibua tundu la nyuma ya jiko na kuliwekea bati lenye matobo lisizibike tena, ameleta king'ora kidogo cha ukutani cha hiyo sumu, amembusu mama yake mikono na amerudi barabarani. Fundi amezibua dohani. Boksi bado linanguruma pembeni, lina vichujio vipya, na Ajna amelichorea macho na mdomo wenye meno. Dirisha linakaa wazi, upana wa kidole. Moshi unaingia kidogo, boksi linaumeza, na mimi bado nasikiliza kifua cha mtoto wangu.

Alasiri moja Ajna alikuwa kwa Jozo anafundishwa karata. Hasnija alikaa karibu na ule upana wa kidole, kichwa wazi, jambo ambalo sijawahi kuliona. Kahawa yake ilikuwa imepoa. Nikamwambia atapata baridi. Hakusikia.

"Lile tundu lilikuwa dogo," akasema. "Kama sarafu. Niliyeyusha mshumaa, nikapaka kwenye kitambaa, nikaliziba. Niliziba vizuri sana, Elvedina. Baba Muamer alinisifu."

Nilisimama na birika mkononi.

"Ndani ya lile jiko la bati tulitia viatu usiku ule, na mguu wa meza. Asubuhi tulitapika sote, mimi, yeye na Muamer. Tukadhani ni huzuni." Akaninyanyulia macho. Yalikuwa makavu, na woga wa aina ile sijawahi kuuona kwa mtu mzima. "Wewe hujawahi kuamini promaja. Miaka yote unanicheka. Basi niambie wewe. Ni nini kilichomwua mtoto wangu?"

Niliweka birika chini. Nikaenda nikachuchumaa mbele yake, nikaishika ile mikono, mmoja bado una bandeji, na ilikuwa ya baridi kama chuma.

"Promaja, mama," nikasema. "Tundu lilikuwa wazi tangu asubuhi. Upepo ulishampitia kabla hujaliona. Wewe uliziba tu, usingeweza kufanya zaidi."

Alinitazama muda mrefu. Hakuna mtu aliyewahi kunitazama hivyo, hata mama yangu mzazi. Kisha akachukua kitambaa chake begani, akakitandaza kichwani, akakifunga polepole chini ya kidevu.

"Basi funga ule mlango," akasema. "Kuna promaja humu."

Nikainuka nikaufunga mlango. Dirisha nililiacha lilivyo, naye akabaki amekaa kando yake.